Betri Iliyolala Jikoni

Msimu wa baridi uliopita nilikuwa nailaza betri ya gari jikoni, karibu na mafiga, nimeifunga blanketi. Mwezi wa saba hapa Sumbawanga maji ya kunawa asubuhi yanauma vidole, na gari langu dogo la zamani lilikuwa limegoma kuwaka alfajiri. Nikigeuza ufunguo linakohoa mara moja, halafu kimya. Nikajiambia, ikiwa mimi mwenye damu naganda, betri itafanyaje? Jioni nikaifungua, nikaiingiza ndani. Asubuhi nikairudisha, gari likawaka hapo hapo. Nilimshukuru Mungu, na baada ya misa nikawapa wazee wenzangu dawa hiyo.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Blanketi zuri limekwenda kwa betri," alisema. "Mimi miaka yote hii hujanifunga hivyo."

Tukaenda vizuri mpaka siku tuliporudi kutoka Kasense na gunia la ulezi. Gari lilizima katikati ya barabara. Kishikio cha chuma kinachobana waya kwenye betri kilikuwa kimelika kwa kufunguliwa kila jioni, kinacheza kama jino la mtoto. Nilikikaza kwa kipande cha bati, tukafika nyumbani, lakini safari hii mke wangu hakucheka. Jumapili iliyofuata mjukuu wetu, mtoto wa kwanza wa binti yetu wa mwisho, alikuwa abatizwe Milepa, kule chini bondeni. Padri hafiki kila mara kwenye kigango kile. Magoti ya mke wangu hayawezi tena kupanda lori, na kitenge cha kumpokelea mtoto kilikuwa kimekwisha kupigwa pasi.

"Mzee wangu," aliniambia, "mimi mlima ule siushuki na betri inayorukaruka."

Nikamwita fundi wa umeme wa magari, mtu wa Mbeya aliyehamia mtaani kwetu. Alikuja Alhamisi alasiri, akafunga kishikio kipya, kisha akauliza kile cha zamani kimelikaje namna ile. Nikamweleza habari za jikoni. Alinisikiliza kwa heshima, ila midomo ilikuwa inamcheza.

"Shikamoo tena, baba," alisema. "Sasa betri ikiwa jikoni, waya zake zinabaki wapi?"

"Kwenye gari."

"Basi aliyekusaidia si blanketi. Kuna kitu humu kinakunywa umeme usiku kucha. Ukiitoa betri, kinakosa cha kunywa."

Alichomoa waya mmoja wa betri, akaunganisha taa yake ndogo ya kupimia kati ya waya na betri. Gari limezimwa, kila kitu kimezimwa, na ile taa ikawaka, hafifu lakini inawaka. Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja, mimi nikiitazama taa. Alipochomoa fyuzi ya taa za ndani, ikazimika. Taa ya juu ya viti ilikuwa imezimwa. Ikabaki ya kwenye buti.

"Hiyo huwaka ukifungua," nikamwambia. "Ukifunga inazimika."

"Umeiona ikizimika, baba?"

Sikuwa nimeiona. Nani ameiona? Fundi alitaka kuitoa tu balbu yaishe, lakini mimi nilikwisha kuwadanganya wazee wenzangu kwa blanketi, safari hii nikataka kuona kwa macho yangu. Aliporudisha fyuzi na waya, nikajikunja ndani ya buti, maana mimi ni mfupi, nikamwambia afunge.

Akafunga. Taa iliwaka kama mchana, nikayaona hata makapi ya ulezi kwenye zulia. Nilifurahi nikapiga kelele, "Inawaka!" Fundi akasema, "Ufunguo, baba." Nikapapasa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na kamba ya kufungulia buti kutoka kwa dereva ilikatika zamani.

Hapo ndipo wanajumuiya walipoingia uani. Siku ile sala ilikuwa kwetu.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina!" nikajibu kwa mazoea.

Kisha sauti ya mama mmoja: "Katekista yuko wapi?"

"Yumo kwenye buti," mke wangu akamjibu, kana kwamba nimekwenda dukani. "Anaangalia taa. Karibuni ndani, chai iko tayari."

Vicheko vyao nilivisikia mpaka fundi alipong'oa mgongo wa kiti cha nyuma, nikampenyezea ufunguo. Kosa lenyewe lilikuwa dogo: kipande cha mpira kwenye mfuniko wa buti, kile kinachobonyeza swichi ya taa, kilikuwa kimedondoka. Fundi alikata kipande cha kandambili kuukuu, akakibandika pale kwa gundi. Usiku ule betri ililala nje kwenye baridi, na asubuhi gari likawaka. Jumamosi likawaka tena. Mke wangu alikuwa amekwisha kukaa kiti cha mbele, kitenge mapajani, na mlimani hakuniuliza lolote kuhusu betri. Aliomba rozari mpaka tulipofika bondeni kwenye joto.

Jumapili, padri alipouliza nani anamleta mtoto huyu, mama mtoto na mama wa ubatizo walisogea mbele. Binti yetu akageuka, akamvuta mama yake kwa mkono, wakasimama naye pale pale penye maji.