Waliosifu Achari Yangu

Jumamosi ya kwanza nilipeleka chupa ishirini na nne za achari ya maembe kwenye gulio la Quakers Hill, huku ugenini. Nilizihesabu nyumbani, nikazihesabu tena mezani. Jioni nilirudi na ishirini na tatu, na ile moja niliivunja mwenyewe.

Si kwamba watu hawakuja. Walikuja, wakaonja, wakasifu. "Lovely!" "Interesting!" Mmoja machozi yalimtoka, akasema achari hii ina tabia yake. Nikainama kuchukua mfuko nimfungie, kuinuka, hayupo.

Mimi nimekulia sokoni Tanga. Kule mteja akikwambia maembe yako yamechoka kama wewe, ujue huyo ananunua. Asiyetaka hupita kimya.

Jumamosi ya pili, mama wa Kikongo aliyeuza vitenge meza ya jirani alinionea huruma.

"Kaka, unacheka nini? Ule amesema 'interesting'. Ile ni adieu, kwaheri."

"Na huyu aliyesema achari yangu 'si ya kila mtu'?"

"Uyo anakuchukia na familia yako yote."

Nikaanza kuhesabu Jumamosi zangu. Msimamizi wa gulio alikuwa ameshaniambia, kwa upole kabisa, kwamba meza isiyouza vya kutosha Jumamosi tatu hupewa mtu mwingine.

Ya tatu ikafika. Saa tano, sijauza. Akaja mzee mwenye kofia pana, akaonja, akakunja uso.

"Mbaya sana hii."

Nilitaka kumkumbatia. "Mbaya vipi, mzee wangu?"

"Inachoma. Chumvi imezidi. Na bei ni wizi."

"Chumvi iko sawa. Ulimi wako ndio mgeni."

Tulivutana robo saa, nikapunguza kidogo, akachukua sita. Anampelekea mkwewe, alisema. Naye hampendi, anataka kumkomoa.

Zilibaki kumi na saba. Nilizihesabu mara mbili, hazikupungua. Msimamizi akaja na daftari lake, akitabasamu.

"Well, imekuwa interesting kuwa nawe."

Mama wa vitenge akaguna. Mimi nikamtazama msimamizi usoni. "Dada, unamaanisha nisije tena? Sema tu."

Akawa mwekundu hadi masikioni. "Oh no, no! Hapana, si hivyo hata kidogo!"

"Basi asante. Tuonane Jumamosi."

Jumamosi iliyofuata nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nikatandika meza yangu. Msimamizi aliponiona alisema, "Lovely."