Ubeti wa Pili wa Wimbo wa Mizani

Kilichoninyima usingizi majuma yale kabla ya Uhuru ni ubeti wa pili. Nilikuwa nimerudi Mwanza na digrii mpya, na kamati ya sherehe ikaamua kwamba kijana aliyesoma hawezi kushindwa kumtambulisha mwimbaji mkongwe wa Usukuma, mtunzi wa wimbo wa mizani ya pamba, na kueleza maana yake mbele ya ukumbi mzima. Mimi, mtoto wa Bukoba, nilijua kiitikio tu, na hata hicho nilikiitikia kwa kuchelewa kidogo, niwasikie wengine kwanza.

Nikamuuliza mama mwenye nyumba wangu, mzaliwa wa Magu.

"Ubeti wa pili? Mke anampandisha mumewe kwenye mizani ya pamba, anamkuta mwepesi kuliko gunia tupu. Nilicheka mpaka wakanishika nisianguke!"

Nikampelekea habari hiyo fundi cherehani, mzee wa mjini aliyekuwa akinishonea suti ya siku hiyo. Akatoa pini mdomoni.

"Nani kakudanganya? Ni mnunuzi wa pamba anayekanyaga mizani kwa kidole gumba cha mguu. Nilikuwepo, bwana! Mwambie mama huyo apike, nyimbo atuachie sisi."

Nikafanya kosa la kuzifikisha salamu hizo.

"Ahaa," alisema mama, akiupiga mwiko ukingoni mwa chungu. "Basi siku hiyo ukisimama ukasema mnunuzi, ukalale huko huko kwa fundi wako."

Nikisema mume, sina suti. Nikisema mnunuzi, ninayo suti lakini sina pa kuivulia. Niliandika hotuba mbili, kisha ya tatu isiyosema chochote. Hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote.

Mwishowe nikaenda kumtafuta mwenyewe. Nilimkuta shambani, anapanda pamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikamweleza shida yangu. Akaegemea jembe.

"Huyo mama alinisikia wapi?"

"Magu."

"Na fundi?"

"Igoma."

"Sasa! Igoma wanunuzi walikaa mbele kabisa. Magu walijaa wake za watu, na mpinzani wangu anaimba upande wa pili wa uwanja, saa ile ile. Anayebaki na watu wengi ndiye mshindi. Nikiimba ubeti wa juzi, si nitabaki na mbwa?"

"Kwa hiyo upi ni wa kweli, mzee?"

"Ule uliowazuia wasinihame." Akanisogelea, akashusha sauti. "Huo wa mume ulikwendaje? Niimbie kidogo. Nimeusahau."

Sikuujua. Nilirudi mjini na wasiwasi mkubwa kuliko niliokwenda nao.

Siku ya sherehe fundi alinikabidhi suti imekamilika, isipokuwa vifungo vya suruali. "Hivyo nitavishona nikishaisikia hotuba," alisema, na sindano akaja nayo ukumbini. Nilipanda jukwaani mkono mmoja umeshika karatasi, wa pili kiuno cha suruali. Mama mwenye nyumba alikuwa benchi la mbele, mikono kifuani. Mzee alikaa kwenye kiti cha heshima, akinitazama kwa huruma.

Nikazirudisha hotuba zote tatu mfukoni.

"Wanaomjua mzee wetu kuliko mimi wamo humu," nikasema. "Mama, simama kulia. Fundi, kushoto. Kila mmoja na ubeti wake wa pili. Imbeni kwa pamoja!"

Mabenchi yakaanza kukokotwa. Mzee aliwatangulia wote kuinuka, akaenda moja kwa moja upande wa mama, akatega sikio. Ukumbi karibu wote ukamfuata.

Mimi nikashuka kushoto. Bila chumba cha mama ningeweza kulala siku moja. Vifungo nilivihitaji pale pale.

Fundi, bila kuacha kuimba, akatunga uzi.