Ubuyu wa Mwaridi

Mwaridi ukiachwa bila kuchumwa maua, kazi yake haiishii kwenye ua. Petali zikidondoka, sehemu iliyokuwa imezishika huanza kuvimba. Huwa ya kijani, kisha rangi ya chungwa, na kufikia Septemba inakuwa nyekundu kabisa. Hilo ndilo tunda la mwaridi. Aina ninayoizungumzia ni ile ya miiba mingi, inayopandwa sana kando ya njia hapa ughaibuni, Saint Paul, kwa sababu haiuliwi na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Tunda lake ni la mviringo, kama nyanya ndogo. Nilipita mbele ya kichaka chake kwa miaka sita nikienda kituo cha basi, mtaani kwetu Frogtown, bila kujua kwamba linaliwa.

Mama yangu alilijua katika wiki yake ya pili.

Alikuwa amekuja kutoka Tanga kusubiri uzazi wangu wa kwanza. Kwetu mzazi haachwi peke yake. Kwa siku arobaini anakandwa maji ya moto, anapikiwa uji, na mtoto anashikwa na mtu anayejua kushika. Mume wangu ni nesi, na likizo aliyopewa ilikuwa ya wiki mbili. Mimi sikuwahi hata kumwogesha mtoto mchanga. Nilimhitaji Mama, na alijua hivyo.

Tatizo ni kwamba hakuwa na la kufanya. Vyombo vinaoshwa na mashine, nguo zinaoshwa na mashine, na mimi nilikuwa ofisini Golden Valley mpaka jioni. "Mwanangu," aliniambia siku moja, "nimekuja kulea au kulelewa?"

Basi tukiwa tunatembea akasimama kwenye kichaka cha jirani. Akachuma tunda moja, akalifuta kwa ncha ya mtandio, akauma ubavuni.

"Kali," alisema. "Kali nzuri. Ukali wa ubuyu huu."

Jirani, mwanamke wa miaka themanini hivi, alikuwa barazani kwake. Nilimuuliza kama tunaweza kuchuma. Akasema tuchume tu, yeye mikono haimwezeshi tena, na kichaka hakijawahi kupuliziwa dawa. Hilo la dawa ni la kuuliza kila mara. Lakini hatukumuuliza linapikwaje. Kule Tanga Mama yangu anajulikana mtaa mzima kwa ubuyu wake. Ukiwa na harusi unaagiza kwake. Mtu wa namna hiyo haulizi.

Ambaye hajakulia pwani inafaa aelezwe. Ubuyu hupikwa kwa kuzivuringa mbegu za mbuyu kwenye shira ya sukari yenye rangi nyekundu, iliki na pilipili kidogo, mpaka ziive na kukauka. Mlaji anaifyonza mbegu, kisha anaitema. Mbegu ndiyo shabaha. Kwa hiyo Mama alipopasua matunda yale na kukuta yamejaa mbegu ndani, alifurahi. Alizitoa zote pamoja na vipande vya nyama ya tunda, akazikausha ndani ya oveni, akazipika kama anavyopika siku zote. Ilikuwa Alhamisi na alikuwa amefunga sunna. Alionja shira kwa ncha ya ulimi, akatema. Mbegu hakuionja.

Jioni walikuja wageni wawili kufuturu naye: mwanamke wa Tanga mwenzetu, na nesi Mkenya anayefanya kazi na mume wangu. Mama akafungua kwa tende na maji, halafu akapitisha sinia kwa wageni kwanza.

"Ubuyu! Mama, nime-drive kutoka Lakeville nikifikiria tu chai," alisema yule Mkenya, akachota kiganja kizima.

Walifyonza. Kwa muda mfupi walisifia. Kisha yule wa Tanga akaanza kujikwangua ulimi kwa ncha ya kanga.

"Bi mkubwa," alisema, macho yamejaa machozi, "umetupa ubuyu au upupu?"

"Woi, mum, koo yangu," alisema Mkenya, akakimbilia bomba.

Walicheka baadaye, na walicheka kwa mapenzi. Mama alicheka nao. Waliposhika njia aliosha sinia kwa mkono, akalifuta, akalikalisha kabatini. Asubuhi yake alinikuta nikivaa viatu.

"Isogeze hiyo tiketi. Nirudi wiki ijayo."

"Mama, nimebakiza wiki tatu."

"Huku kuna hospitali nzuri. Mie hapa nimekuwa mzigo, na sasa nimekuwa kichekesho."

Sikubishana. Nilimwahidi nitapiga simu Jumatatu.

Jumamosi nilikwenda kwa jirani kumuuliza tulikosea wapi, zaidi kwa sababu nilipenda kujua. Mama alinifuata kwa adabu tu, nami nikawa mkalimani. Jirani alisikiliza mpaka neno la mbegu, akajipiga paja. Ndani ya tunda, alieleza, mbegu zimezungukwa na vinywele vidogo kuliko manyoya ya kifaranga. Ndivyo vinavyowasha. Alipokuwa mdogo, kaka zake walikuwa wakimtia vinywele hivyo mgongoni, ndani ya gauni la kanisani.

Nilipolitafsiri hilo Mama alikaa wima. "Mwambie, mie nilimtia mwalimu upupu kwenye kiti. Tulicharazwa darasa zima."

Jirani alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Akatuonyesha kazi inavyofanywa. Bibi na babu zake walitoka Uswidi, na kwao tunda hili ni supu tamu, hunywewa ya moto au baridi. Zamani machungwa hayakupatikana majira ya baridi, na hii ndiyo iliyokuwa dawa yao ya mafua. Wenyeji wa asili wa nchi hii, alisema, walilila kabla babu zake hawajaijua.

Unaliosha, unakata kishungi cha juu, unalichemsha zima mpaka lilainike, kwenye sufuria ya chuma kisichopata kutu. Aluminiamu haifai, huharibu rangi na ladha. Unaliponda, kisha unachuja kwa kitambaa kizito. Makapi hayatupwi mara moja: unayarudishia maji, unachemsha na kuchuja tena. Mwisho unachanganya maji yote mawili na kuyapitisha kwenye kitambaa safi, ili kinywele kisipenye.

Mama alikuwa ameshasimama. "Kumbe ni nazi," alisema. "Tui la kwanza, tui la pili, machicha unatupa. Mie nimelipika kama ubuyu na lenyewe ni nazi."

Akamnyang'anya jirani kitambaa, kwa upole, akakikunja na kukikamua anavyokamua tui tangu utotoni, kwa kusokota kutoka juu kwenda chini. Jirani aliniuliza amejifunza wapi. Waliendelea hivyo hadi alasiri, na mara nyingi hawakunihitaji.

Tulipokuwa tunaaga, jirani alisema yaliyobaki kichakani yaachwe mpaka baridi ya kwanza kali iyagandishe. Hapo hulainika na kuwa matamu zaidi.

"Hiyo baridi lini?" Mama aliuliza.

"Baada ya mwezi, pengine."

Mlangoni kwetu Mama alivua viatu. "Jumatatu usipige simu," alisema.

Mtoto alitangulia, baridi ikafuata. Siku ya tisa ya uzazi wangu, Mama alivaa koti na glavu za mume wangu, akanikabidhi mtoto, akatoka na ndoo. Jioni aliniletea uji wa pilipili manga, ule wa mzazi, ambao nyumbani huutia ukwaju. Safari hii ulikuwa mwekundu.

Ulikuwa mkali kupita kiasi. Alisimama mlangoni, mtoto begani, mpaka nilipoumaliza.