Karatasi Inayopenda Baridi

Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024. Mji wa Hopkins, huko ughaibuni, ulikuwa na anga la kijivu na upepo wa kukata masikio, lakini muuguzi wa ghorofa ya pili alikuwa ameacha mlango wa roshani wazi, na jirani yake Nkirote alikunywa chai akiwa na koti. Tangu arudi kutoka mji wa kale wa Japani unaosifika kwa karatasi za mkono, muuguzi huyu aliyezoea kuilaani baridi sasa huingoja kama mgeni. Kule alijifunza kutengeneza karatasi kwa gome la mti, akaambiwa kwamba maji yakipata joto, ute unaozishikilia nyuzi za gome majini hulegea. Anataka kutengeneza karatasi moja tu, nzima, ambayo bintiye ataandikia kiapo cha ndoa. Huzamisha chekeche la mianzi ndani ya beseni, hulitingisha mbele na nyuma akiimba wimbo wa kanisani puani, vidole vimekufa ganzi.

“Auntie, si u-order tu online? Harusi ni wiki ijayo,” Nkirote akasema.

“Kunywa chai wewe. Maneno yako yanapasha maji yangu moto.”

Muuguzi alipoigeuza kutoka kwenye chekeche, karatasi ikachanika katikati. Nkirote akafumba macho. Mwenyewe aliirudisha majini, akaikoroga mpaka ikawa nyuzi tena. “Kule hawatupi,” akasema, akazamisha chekeche upya. Iliyofuata akaibandika kwenye kioo cha dirisha ikauke.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kanisa, aliibandua polepole, nzima, akaiinua mpaka mwanga ukaipenya. Kisha akafunga mlango wa roshani, akawasha hita.