Nyundo Kumi na Moja za Fundi Kimya

Saa moja asubuhi nyundo yake imeshaanza kazi. Jirani anachungulia dirishani, mswaki mdomoni, anapayuka: "Fundi, tuonee huruma!"

Fundi hageuki. Anagongomea mguu wa kitanda, misumari mitatu ameibana midomoni, maranda yamemjaa kichwani. Hajamsikia. Ni kiziwi tangu homa ya utotoni. Mtaani wanamwita Fundi Kimya, jina ambalo majirani wenyewe wanakiri halimfai hata kidogo.

"Hakuna mwenye makelele kama mwanamke huyu," anasema wifi yake, anayeuza mkaa mlango wa pili na ndiye mkalimani wake. Fundi anazungumza kwa mikono, wifi anatamka. Mara nyingine wifi anaongeza ya kwake, na fundi akiona midomo imecheza kupita kiasi humtupia kipande cha ubao.

Karakana iko nyuma ya ghala, kwenye kichochoro ambacho mteja hafiki bila kuelekezwa. Mpaka mwaka jana alikuwa barabarani. Kisha baraza la mtaa likaitisha mkutano kuamua kama maseremala wahamishwe. Alikwenda, yeye na viziwi wenzake kumi.

Mwenyekiti aliuliza kama ilivyo desturi yao: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Waliopaza sauti zaidi wakashinda.

"Sisi tulinyoosha mikono," anasema fundi. "Hakuna aliyetutazama. Tuliona watu wamefungua vinywa, tukadhani wanashangilia kitu. Tulijua tukiwa nje kwamba tumeshahamishwa."

Siku hiyo wifi alikuwa nyumbani anauguza mtoto. "Mpaka leo hajanisamehe," anasema.

Fundi amemsoma midomo. "Nimekusamehe. Ila mkaa nanunua kwingine."

Hasara haina utani. Wateja wamepungua nusu. Kitanda kilichokuwa kikiondoka ndani ya wiki sasa kinakaa mwezi kikila vumbi. Vitanda vikigoma kutoka, kodi ya nyumba inamwangukia mumewe, dereva wa lori.

Mwaka mzima aliliomba baraza jambo moja tu: kura zipigwe kwa mikono. Akaambiwa viziwi ni wachache, watafute mtu awasemee.

"Nikawauliza, mimi nina sauti moja, wao ni kumi na mmoja, nitawasemea vipi?" anasema wifi. "Wakaniambia nikae chini."

Mwezi uliopita suala la maseremala lilirudi mkutanoni. Viziwi wakaja, kila mmoja na nyundo yake na kipande cha ubao. Mwenyekiti alipotamka, "Wanaotaka warudi barabarani waseme ndiyo," wifi akainua kidole. Nyundo kumi na moja zikashuka kwa pamoja. Watu wakaziba masikio. Vumbi likamwagika kutoka darini.

"Hii siyo kura, hii ni fujo!" mwenyekiti akafoka.

Fundi akajibu kwa mikono, wifi akatamka kwa sauti: "Anauliza, na ile yenu ilikuwa nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama mmoja wa mgahawa akasimama. "Mwenyekiti, hapo kakubana. Tunyooshe mikono twende zetu nyumbani."

Mikono ikanyooshwa. Fundi akapanda juu ya benchi kuhesabu mwenyewe. Waliokataa wakawa wengi zaidi; akashindwa.

Wifi alilia njia nzima. Fundi hakulia. "Mara ya kwanza nilishindwa bila kujua. Safari hii nimeuona kila mkono. Hata wa muuza maji, niliyemtengenezea mkokoteni kwa mkopo, umeinuka kunikataa. Huyo nina maneno naye."

Tangu hapo baraza halijarudi kwenye kura za sauti. "Tutaendelea na mikono," anasema mwenyekiti, mwenye duka la nguo. "Masikio yangu bado yanalia."

Jumamosi ijayo mtaa unachagua mjumbe mmoja wa baraza, na fundi anagombea. Kiziwi hajawahi kukaa kwenye kiti hicho. Akiulizwa watamwelewaje, hana subira na swali hilo. "Mimi nimejifunza midomo yao miaka thelathini. Wao wajifunze mikono yangu."

Jioni anakung'uta maranda, anafunga karakana, anamvuta wifi mkono. Wanakwenda kuomba kura nyumba kwa nyumba, na leo wanaanza kwa muuza maji.

"Mkono wake naujua," anasema fundi. "Jumamosi nataka kuuona upande wangu."