Mpaka Kwanza, Zahanati Baadaye

Mwaka ule tuliacha kula samaki. Watu walisema mto umeleta maiti ziwani kutoka kwenye mauaji ya nchi jirani, nami nilikuwa na mimba ya miezi saba. Hata harufu ya sangara ilinitia hofu. Tuliishi Igoma, mimi, mume wangu na mama yake, mjane aliyekimbia Kagera zamani, majeshi ya Uganda yalipovuka mpaka. Kila ndege ilipopita alisimama mlangoni hadi sauti ipotee.

Serikali ilikuwa imetuahidi zahanati, na matofali tulishafyatua. Siku moja ofisa kutoka mjini alikuja kwenye mkutano wa mtaa. Alimwamkia mama mkwe wangu shikamoo, kisha akatuambia fedha hazitakuja.

"Wakimbizi wanaingia kwa maelfu, na wengine wana bunduki. Fedha zimekwenda jeshini."

Nilinyoosha mkono. Nilitaka kumuuliza sisi tutazalia wapi, maana hospitali ilikuwa mbali na siku hizo ilianza kudai malipo. Mama mkwe akaushusha mkono wangu, akasimama yeye.

"Mwanangu," alimwambia ofisa, "pelekeni askari. Mimi nilizika mtoto njiani kwa sababu askari walichelewa. Zahanati itangoja."

Watu walipiga makofi. Ofisa alishusha pumzi. Mimi habari za huyo mtoto sikuwahi kuzisikia, hata kwa mume wangu.

Uchungu ulinishika kabla ya wakati, mchana wa mvua kubwa. Mume wangu alitoka kutafuta gari. Nilijifungulia chumbani mikononi mwa mama mkwe, na damu ikakataa kukatika. Miguu ilianza kupoa. Nilimsikia akisali kwa Kihaya, lugha ya kwao, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mume wangu alirudi na pikapu ya muuza mbao, wakanifikisha hospitali. Tulipona, mimi na binti yangu.

Wiki chache baadaye, mama mkwe akiwa anamwogesha mtoto, nilimuuliza kama angesema tena maneno yale ya mkutanoni.

"Ningesema," alijibu. "Mshike kichwa, maji yasimwingie masikioni."

Nilimshika. Vita havikuvuka kuja kwetu, na hadi leo sijui kama ni kwa sababu ya wale askari.