Masele Alivyolifundisha Fodi Kuondoka

Masele wa Nyasubi alikuwa mtu wa hasira, na wala hakuificha. Aliwafokea abiria waliochelewa, akawafokea waliowahi, akawafokea na kuku waliovuka barabara bila haraka. Mkewe Zipora, ambaye mjini Kahama walimwita Mama Mageni, alikuwa akisema kwamba mumewe akikosa mtu wa kugombana naye hugombana na kofia yake. Lakini mwaka ule wa hamsini na tatu tumpe haki yake. Kulikuwa na mtu anataka kumnyang'anya barabara, na barabara ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

Ilikuwa barabara ya kwenda migodi ya dhahabu ya Geita. Masele alijisifu kwamba yeye ndiye aliyeifungua, kwa gari lake la Fodi la kabla ya vita, enzi ambazo wachimbaji walikuwa bado wanakwenda kwa miguu na mikeka yao kichwani. Kisha akatokea Nkwabi na Shevrole lililopakwa rangi nyekundu, mtu wa kucheka sana na kujua majina ya watu wote, akaanza kuegesha palepale sokoni alipopakilia Masele. Abiria hawakutosha magari mawili. Wakavutana masika nzima, mpaka siku moja kilabuni Nkwabi akasema yaishe: washindanishe magari kwenye kiwanja cha ndege cha zamani nje ya mji, siku ya ngoma za mavuno. Atakayeshindwa aiache Geita, ahamie Ushetu kwa wakulima wa tumbaku.

"Na mshindi tutamjuaje?" aliuliza Thobias, mchuuzi wa ng'ombe ambaye kila mwaka ndiye aliyesimamia mashindano ya ngoma.

"Kwa kawaida yetu," Masele akadakia. "Kwani tuna kawaida ngapi?"

Alisema hivyo kwa ukali ili asionekane anaogopa, kisha akaagiza pombe nyingine. Hakulifikiria tena neno hilo.

Kiwanja chenyewe kilikuwa kifupi. Atakayewahi kuondoka ndiye atakayewahi kufika, na hapo ndipo Fodi lilipomtia aibu. Siku ya kwanza ya mazoezi alikanyaga mafuta mpaka mwisho, akaachia klachi kwa ghafla. Matairi ya nyuma yakazunguka palepale, yakachimba, yakarusha changarawe na vumbi, gari likatikisa makalio, na ndipo likakumbuka kwenda. Akarudia. Likafanya vilevile, na safari hii klachi ikanuka kuungua. Masele akateremka akalipiga tairi teke, akaumia kidole, akazidi kukasirika.

Zipora alikuwa amemletea ugali.

"Baba Mageni, mbona linapiga kelele na haliendi?"

"Wewe unajua nini habari za magari?"

"Sijui kitu. Nasikia kelele, na naona bado uko hapahapa."

Masele alikula amenuna, na katika kutafuna akakumbuka kwamba wakati wa mvua, gari likiwa limejaa wachimbaji nyuma, halikuwa likiteleza hata kwenye tope. Lilikuwa linateleza likiwa tupu. Akalitukana Fodi kwa kumficha jambo hilo miaka yote, kisha akaanza kazi. Alitia magunia ya mchanga kwenye buti. Alipunguza upepo wa matairi ya nyuma mpaka yakakaa chini vizuri. Na kwa kuwa kiti cha nyuma kilibaki kitupu, alimtazama Zipora, ambaye hakuwa mwembamba.

"Panda," akasema.

"Niende wapi?"

"Huendi popote. Unakaa."

Majuma matatu mama wa watu alikaa kule nyuma, ameshika kiti kwa mikono miwili, anarushwa, anavumilia. Masele alijifunza kuacha kukanyaga mafuta kwa pupa. Aliyagusa kidogo, akaiachia klachi taratibu mpaka asikie gari linainama nyuma na kushika ardhi, ndipo akaongeza. Akiwahi, linateleza, akichelewa, linazima, naye anafoka mpaka ng'ombe wa jirani wanahama. Halafu jioni moja Fodi liliondoka bila kelele, bila vumbi, likawasukuma wote wawili vitini. Masele alicheka. Zipora alisema baadaye kwamba alidhani mumewe anaumwa.

Siku ya mashindano watu walifurika. Masele alikuwa Mgalu na Nkwabi alikuwa Mgika, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma yanayoshindana tangu zamani, na kila kundi lilikuja na manyoya yake, njuga zake na ngoma zake, likasimama upande wa mtu wake. Nkwabi aliwapungia wote mkono, hata Wagalu. Masele hakumpungia mtu. Thobias akainua kitambaa, akakiangusha.

Nkwabi alikanyaga mafuta yote. Shevrole likanguruma, likatoa moshi, likajichimbia shimo na kurusha vumbi jekundu juu kuliko miti. Masele aliliacha palepale. Fodi lilikwenda kimya, safi, kama alivyolifundisha, likafika mwisho wa kiwanja na kusimama. Aligeuka kumtazama mkewe.

"Umeona?"

"Nimeona," Zipora akasema, naye machozi yalikuwa yanamlenga.

Walisubiri Nkwabi afike. Hakufika. Masele aligeuza gari, akarudi polepole ili watu wamwone vizuri, akakuta hakuna anayemtazama. Ngoma zote zilikuwa kwenye lile wingu la vumbi. Watu walilizunguka Shevrole wanaruka, wanapiga vigelegele, wanalisukuma litoke shimoni, na Nkwabi amesimama juu ya boneti anacheza mabega.

"Mshindi ni Nkwabi," alisema Thobias.

"Nkwabi hajafika hata nusu ya kiwanja!"

"Ulisema kwa kawaida yetu. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na aliyevuta watu ndiye mshindi. Watu wako wapi, Masele?"

"Mimi nilikuwa wa kwanza. Mwulizeni mke wangu, alikuwemo garini."

"Alikuwemo kama mzigo," Thobias akasema, na watu wakacheka. "Mzigo hautoi ushahidi."

Zipora akafungua mlango akateremka. "Mzigo huu umekaa pamoja na mchanga majuma matatu," akasema. Kisha akamgeukia mumewe. "Waambie, basi. Waambie kwamba kuvuta watu si kushinda."

Masele akakumbuka kwamba mwaka uliotangulia Wagalu walikuwa wamewashinda Wagika kwa kawaida hiyohiyo, na aliyepiga kelele kuliko wote kwamba ni haki alikuwa yeye. Akawatafuta Wagalu wenzake kwa macho, labda mmoja atamsemea. Aliwaona. Wote walikuwa wekundu kwa vumbi, nywele, kope, mpaka meno. Nao walikuwa wamekimbilia kwa Nkwabi.

Hapo ilimpanda hasira ambayo hajapata kuwa nayo. Alifungua buti akatoa magunia, akayatupa chini moja baada ya jingine mbele ya watu wote, na la mwisho likapasuka.

"Panda mbele," akamwambia mkewe. "Twende huko Ushetu kwenye tumbaku."

Zipora akapanda. Masele akatia gia, akakanyaga mafuta mpaka mwisho, akaachia klachi kama mtu anayetupa mzoga. Fodi likapiga yowe. Matairi yakazunguka palepale, yakachimba, moshi ukatoka, vumbi likapanda likafunika jua, na gari likatikisa makalio lisitake kwenda. Ndipo ngoma zikahama. Wagalu na Wagika wote waliliacha Shevrole, wakaja mbio wakilizunguka Fodi, wanaruka, wanapiga vigelegele, wanaliita jina la Masele.